Nani alilipa swali? Kusoma upya jaribio la Pamoja Tulinde Maisha



Kabla mtu aniulize mwenye agronomia anatafuta nini mu mambo ya dawa, wacha nijieleze. Kwa kazi yangu ya mwisho ya lisansi nililinganisha aina nne za maharagi ya kupanda juu ya miti. Siku mwalimu mwenye kuniongoza alifika shambani, hakuangalia majani wala mbolea. Aliuliza mambo mawili tu: « Temwe iko wapi? Na nani alichagua kila aina iende mu kipande gani, weye ao kura? » Temwe, kwa wale wasio wa fakilte yetu, ni kile kipande unapanda mbegu ya kawaida ya watu wa pale, ili upate cha kulinganisha. Mimi nilikuwa nimeweka ile aina niliyoipenda karibu na maji, kwenye udongo mweusi. Ingeshinda tu, hata kama haina kitu. Akaniambia nirudilie yote. Nililia kidogo, juu mbegu ilinunuliwa na makuta ya mama. Lakini tokea siku ile, kila mara mtu ananiambia « dawa hii inaponyesha kuliko ile », ninajikuta ninauliza: temwe iko wapi, na nani alipiga kura?

Kuko na swali la tatu, lenye mwalimu hakuliuliza juu jibu lilijulikana: nani alilipa? Njo hilo ninataka tulizungumuze leo, kuhusu jaribio lenye kujulikana kuliko yote yaliyofanyika hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Ni lile la dawa za Ebola, lenye lilipewa jina la Kiswahili kabisa: Pamoja Tulinde Maisha. Kwa kifupi waliliita PALM.

Niseme mapema: jaribio hilo ninalisifu. Mwenye kutafuta maneno ya « walitufanya panya » hatayapata hapa. Kukosoa kwangu kunaelekea kwingine, kwa serikali yetu, na kidogo kwetu sisi wenye kusoma.

1. Walichofanya Beni

Tukumbuke kwanza. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, upande wa Mangina, karibu na Beni. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kati ya hizo tarehe mbili watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Muji wetu wa Goma ulipata mugonjwa wake wa kwanza katikati ya Julai 2019, pasta mwenye alitoka Butembo na bisi. Mnakumbuka wenyewe: ndoo ya maji ya javel kwenye kila mulango, termoflash kwenye paji la uso, na salamu ya viwiko.

Wakati ule hapakuwa dawa yenye kuhakikishwa. Kulikuwa dawa nne zenye kutumainiwa. ZMapp ilikuwa imejaribiwa kule Afrika ya Magaribi, lakini kwa wagonjwa 72 tu, na ugonjwa uliisha mbele jibu halijapatikana. Remdesivir ilikuwa ya kampuni ya Gilead. REGN-EB3 ilikuwa ya Regeneron. Ya ine iliitwa mAb114, na hiyo asili yake ni damu ya mtu wa inchi yetu, mwenye aliponea Ebola ya Kikwit mwaka wa 1995.

Jaribio lilianza tarehe 20 Novemba 2018, na likaendelea mu vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kila mugonjwa mwenye alikubali, ao mwenye jamaa yake ilikubali kwa ajili yake, alipata dawa moja kwa kura. ZMapp njo ilikuwa temwe. Hakuna mwenye aliachwa bila dawa, na wote walipata matunzo yale yale: maji ya mishipa, chumvi za mwili, kupimwa damu. Walioingia ni watu 681.

Muweke hilo jambo ndani ya mazingira yake. Februari 2019, ndani ya siku chache tu, kituo cha Katwa kilishambuliwa, kisha kile cha Butembo. Tarehe 19 Aprili, Dr Richard Mouzoko, munganga wa Kameruni mwenye alitumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa pale Butembo. Watu walikuwa wanasema Ebola ni biashara. Neno « Ebola business » lilikuwa kinywani mwa kila motari. Ndani ya hayo yote, infirmye wa kwetu waliingia kila siku ndani ya zile nguo za plastiki zenye kuchoma joto, na wakajaza karatasi ya kila mugonjwa bila kuruka siku. Mwenye alisha kujaza daftari ya shamba kwa mvua anajua kidogo ile nidhamu. Wao waliifanya kati ya maiti na mawe.

Tarehe 9 Agosti 2019, kamati ya kujitegemea yenye kazi ya kufuatilia usalama iliangalia hesabu za wagonjwa 499 na ikasema: musimamishe dawa mbili, musiendelee kuzipa watu. Hesabu ya mwisho, ndani ya siku 28, ni hii. Kwa wagonjwa 100 wa ZMapp, karibu 50 walikufa. Kwa remdesivir, 53. Kwa mAb114, 35. Kwa REGN-EB3, kati ya 33 na 34. Na kwa wale walioanza na virusi kidogo ndani ya damu, hizi dawa mbili za mwisho zilipunguza kifo mpaka karibu mutu mmoja kwa kumi.

Tarehe 12 Agosti, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwenye alikuwa Yambuku tangu 1976, alitangaza ya kama hatutasema tena Ebola haiponi. Kesho yake, hapa hapa Goma, mama mmoja na mtoto wake walitoka kituoni wazima. Baba wa ile nyumba alikuwa amekufa wiki mbili mbele.

Sasa mufikiri kidogo. ZMapp njo ilikuwa na jina kubwa, njo sababu waliifanya temwe. Bila kura, munganga yeyote mwenye roho nzuri angeitafutia mugonjwa wake ZMapp. Na kwa kila wagonjwa 100, watu kama 15 wangekufa wenye wangeweza kupona. Huwezi kuona hao 15 kwa macho ukiwa ndani ya kituo kimoja. Wanaonekana tu ukilinganisha. Kwa hiyo mwenye kusema kulinganisha dawa ni anasa ya inchi tajiri, mumuonyeshe hiyo hesabu.

2. Inchi yetu ilileta nini

Jaribio lilisimamiwa na watu wawili kwa pamoja: INRB, ni kusema Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biolojia ya Kinshasa, na NIAID, taasisi ya serikali ya Marekani. Shirika la Afya Duniani liliunganisha kazi. Kamati ya etiki ya Iniversite ya Kinshasa ilisoma mpango mbele haujaanza, na kamati ya NIAID pia ikausoma. Mwandishi wa kwanza wa makala ya matokeo ni Mkongomani, Dr Sabue Mulangu. Hayo yote ni heshima kwetu, na ninakataa mtu ayapunguze.

Lakini makuta ya kulipia jaribio yalitoka Marekani. Sisi tulileta wasomi, infirmye, ruhusa ya wizara, na wagonjwa. Wao walileta pesa, na dawa.

Mtu atasema: na tatizo iko wapi? Dawa ilipatikana, watu walipona. Tatizo ni hili. Mwenye kulipa njo anachagua swali. Si kwa ubaya. Mimi pia nilichagua maharagi yangu juu mama njo alilipa, na mama alitaka maharagi. Kama kampuni ya kuuza mbolea ingelinilipia, ningelinganisha mbolea. Walipa kodi wa Marekani walilipa swali lenye kuwasaidia pia wao: kati ya hizi dawa nne, gani tunaweza kuweka ndani ya akiba yetu siku Ebola itatumiwa kama silaha ao kuingia kwetu na ndege? Ni swali zuri. Lilitusaidia hata sisi. Lakini swali lenye kufuata, lile la mama wa Biakato, halikuwa ndani ya bajeti yao: hii dawa itanifikia namna gani, siku gani, kwa bei gani?

Na muone yaliyofuata. Dawa ya Regeneron ilipata ruhusa ya serikali ya Marekani Oktoba 2020. mAb114, yenye ilikuwa imekwisha kukabidhiwa kampuni moja ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics, ilipata yake Desemba 2020. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza zote mbili Agosti 2022. Wakati huo sehemu kubwa ya dozi ilikuwa imehifadhiwa Marekani, ndani ya akiba ya usalama wa inchi yao, na MSF ililalamika hadharani ya kama wagonjwa wa Afrika hawazipati vile inafaa. Damu ilitoka Kikwit, jaribio lilifanyika Beni, halafu funguo za depo ziko mbali na Kikwit na Beni.

Ni kweli, wakati Ebola ilirudi Bulape, Kasai, Septemba 2025, mAb114 ilitumwa na watu wakatunzwa nayo. Nilifurahi. Lakini ilifika kwa njia ya kutumiwa, si kwa haki yenye kuandikwa. Mkulima wa kwetu anajua tofauti kati ya mbegu ya mradi na mbegu ya kwenye ghala yake. Ile ya mradi inakuja ao haiji, na huwezi kumushitaki mtu.

Hapo njo ninaikosoa serikali. Mkataba wenye kusema inchi itapata dozi ngapi, kwa bei gani na kwa muda gani, unapaswa kuandikwa mbele mugonjwa wa kwanza hajachomwa shindano. Siku ile uko na nguvu, juu bila wewe hakuna jaribio. Siku matokeo yametangazwa, nguvu imekwisha. Na mwenye anaweka hata franka kidogo mezani ana kiti mezani. Mwenye hakuweka kitu, anasimama karibu na mulango na anashukuru.

3. Chanjo mbili za Goma, na mtu mmoja

Mfano wa pili ulifanyika hapa muji wetu, na unahusu usimamizi.

Mwaka wa 2019 kulikuwa chanjo moja yenye kutumiwa, ile ya Merck, dozi moja. Watu wa nje wakapendekeza ya pili, ile ya Johnson & Johnson, yenye dozi mbili, siku 56 kati yao. Waziri wa Afya wakati ule, Dr Oly Ilunga, akakataa. Alisema chanjo mbili zitachanganya watu, na dozi mbili ni ngumu mahali watu wanahama kila siku. Tarehe 22 Julai 2019, baada ya Rais kumunyanganya uongozi wa riposti na kuukabidhi kamati ya Profesa Muyembe, alijiuzulu. Ndani ya barua yake alilalamika juu ya shinikizo la kuleta chanjo ya pili, na alishitaki wenye kuitaka ya kama walificha habari za maana kwa wakubwa wa afya.

Chanjo ya pili ilianza hapa Goma tarehe 14 Novemba 2019, Majengo na Kahembe. Watu zaidi ya 20,000 walipata dozi ya kwanza. Kisha COVID ikafika, mipaka ikafungwa, na karibu nusu tu njo walirudi kwa ya pili.

Rafiki yangu wa Majengo, mwenye kuchukuza bidhaa na mashua kati ya hapa na Bukavu, alikuwa kati ya wale hawakurudi. Aliniuliza siku moja: « Yaya, we ulisoma. Ile ya kwanza balichoma batu ba Beni, na hii yetu, njo gani ya nguvu? » Nilinyamaza. Jibu la kweli ni hili: hakuna mwenye alizilinganisha. Hapakuwa kura kati ya chanjo moja na ingine, na wakati kazi ilianza hapa, Ebola ilikuwa imekwisha kutoka Goma, kwa hiyo hata nguvu ya ile moja haikuweza kupimwa vizuri. Tulikuwa na chanjo mbili ndani ya inchi moja, na swali la mtu wa mashua likabaki bila jibu.

Ninasema hivi bila kuwa adui wa chanjo. Pengine ya pili ilikuwa nzuri sana. Pengine waziri alikosea. Mimi ninaangalia namna uamuzi ulifanyika. Mtu mmoja alikuwa amesimama mulangoni. Alipokuwa pale, hakuna kuingia. Alipotoka, mulango ukafunguka ndani ya miezi minne. Huo si usimamizi wa serikali, huo ni usimamizi wa mtu. Kama sababu zake zilikuwa nzuri, zingepaswa kubaki nzuri hata bila yeye, ndani ya karatasi ya kamati, yenye kila mtu anaweza kusoma. Kama zilikuwa mbaya, zingepaswa kukataliwa kwa maandishi pia.

Na hadithi yake ina mwisho wenye kuuma. Machi 2020, mahakama ya Kinshasa ilimuhukumu Dr Ilunga miaka mitano ya kazi ya nguvu kwa kutumia vibaya zaidi ya dolare 400,000 za riposti. Yeye alikana. Sitaki kurudilia kesi. Ninataka tu tuone jambo moja: yule mwenye alitaka wageni waonyeshe karatasi zao, alianguka kwa swali la karatasi zake mwenyewe. Ukijenga usimamizi juu ya mabega ya mtu, unaanguka siku yeye anaanguka. Inchi iko na kamati ya taifa ya etiki ya afya, iko na ACOREP kwa kusimamia dawa. Hizo njo zinapaswa kuwa na mulango, meza, mishahara, na vitabu vyenye kufunguliwa mbele ya watu.

4. Dawa yenye haikushinda

Mfano wa tatu njo ninaupenda kuliko yote, juu unaonyesha vizuri kazi ambayo ni serikali tu inaweza kufanya.

Oktoba 2022, INRB na NIAID walianza jaribio lingine, la mpox, pale Tunda mu Maniema na Kole mu Sankuru. Walilinganisha dawa inaitwa tecovirimat na kidonge cha bure kisicho na dawa ndani. Watu karibu 600 waliingia, na wote walilazwa na kutunzwa. Jibu lilitoka Agosti 2024: dawa haikuharakisha vidonda kukauka. Ilishindwa.

Lakini musome mstari wenye kufuata. Kati ya wote, wenye dawa na wasio na dawa, walikufa 1.7 tu kwa 100. Kwa kawaida mpox ya inchi yetu ilikuwa inaua 3.6 kwa 100, ao zaidi. Ni kusema: chenye kiliokoa watu ni kitanda, chakula, maji safi, kuoshwa vidonda, na munganga mwenye kupita kila asubui. Hiyo haikuwa dawa yenye kujaribiwa. Hiyo ilikuwa udongo wa shamba.

Sasa, nani atalipa jaribio la kitanda? Nani atalinganisha lopitali yenye kupikia wagonjwa na ile yenye kusema kila mtu alete chakula chake? Hakuna kampuni yenye kuuza uji wa mugonjwa kwa dolare elfu. Mwaka ule wa 2024, hapa kwetu mpox ilikuwa ndani ya kambi za wakimbizi za kandokando ya muji, watu wakilala chini ya baché juu ya mawe ya volkano. Tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo ilizinduliwa hapa Goma, na makamera yalikuwa mengi. Kwa sabuni na nafasi ya kulala, makamera hayakuja.

Kwingine serikali zilielewa hilo. Wakati wa COVID, Uingereza ililipa na pesa ya serikali jaribio linaitwa RECOVERY, ndani ya lopitali zao za kawaida. Juni 2020 walitoa jibu: deksametazone, dawa ya zamani, bei ya chini, inapatikana hata kwa farmasi ya Birere, ilipunguza vifo kwa tatu moja kwa wale wa mashine ya kupumua. Hakuna kampuni yenye ingelilipa swali lile, juu hakuna faida ndani yake. Serikali njo ililipa, juu wafu walikuwa wake.

5. « Serikali yetu haina kitu »

Ninajua jibu lenu. Serikali gani? Na vita hivi? Uwanja wa ndege umefungwa, banki zimefungwa, muji umebadilisha mikono tokea Januari 2025, na wewe unazungumuza majaribio ya dawa?

Ndiyo, ninazungumuza. Mwisho wa Januari 2025, wakati mabomu yalikuwa yanaanguka ndani ya muji, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilionya dunia nzima juu ya laboratware ya INRB hapa Goma, juu inahifadhi sampuli, za Ebola pia. Kwa hiyo utafiti si kitu cha wakati wa amani tu. Uko hapa, ndani ya frigo, karibu na nyumba zetu, tupende tusipende. Na mwaka ule ule, Marekani ilifunga USAID, na taasisi zao za afya zikasimamisha njia ya zamani ya kupitisha pesa kwa washirika wa inchi za nje. Wenye walikuwa wanalipa maswali yetu wameanza kufunga mfuko. Kama hatukujifunza kulipa hata swali dogo, sasa tutabaki bila swali.

Na umaskini si sababu ya kutolinganisha. Ni kinyume. Ile njia ya kura ilitoka shambani: Ronald Fisher aliitengeneza kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920. Waganga waliichukua baadaye. Jaribio lao la kujulikana sana, la streptomycin kwa kifua kikuu, lilitangazwa mwaka wa 1948, na lililipwa na Baraza la Utafiti wa Matibabu la serikali yao. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, haina dolare za kununulia dawa ya watu wote. Dawa kidogo ilikuwapo. Kwa hiyo wakapiga kura: wagonjwa 55 walipata dawa, 52 walipata kitanda tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande mmoja, na 14 upande mwingine. Walilinganisha juu hawakuwa na kitu cha kutupa.

Kwetu pia tunajua faida. Sisi watu wa Kivu tunapanda kinkina, na Bukavu kuna kiwanda, Pharmakina, cha kutoa kinini ndani ya maganda yake. Kama agronomi ningependa kinini ishinde milele, juu kuna mkulima nyuma ya lile ganda. Lakini mwaka wa 2010 jaribio linaitwa AQUAMAT, ndani ya inchi tisa za Afrika, yetu pia ndani yake, liliwalinganisha watoto 5,425 wenye malaria kali. Kwa kinini walikufa 10.9 kwa 100, kwa artesunate 8.5. Ushauri wa dunia ukabadilika mwaka wa 2011. Roho yangu ya mkulima iliumia, lakini mtoto ni mtoto. Na lile jaribio pia lililipwa na watu wa nje, mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Muwaze kama mwenye kulipa angekuwa muuza kinini, ao muuza artesunate. Njo sababu serikali inapaswa kuwa kati: yeye peke yake hana ganda la kuuza.

6. Chenye ninaomba

Mwaka wa 2008, pale Bamako, mawaziri waliahidi ya kama serikali zitaweka angalau 2 kwa 100 ya bajeti ya wizara ya afya ndani ya utafiti. Si pesa ya mbinguni. Kwa maswali madogo yenye kuwa yetu inatosha kuanza: antibiotike gani kwa mtoto wa Rutshuru mwenye kuharisha damu, chakula cha wagonjwa, dawa za miti zenye zinauzwa Virunga sokoni kila siku bila mtu kuzipima, wakati sisi wa agronomia na wale wa medesini tungeweza kuzipima pamoja.

Ya pili, kila jaribio lenye kufanyika juu ya mtu wa inchi hii liandikwe kwenye kitabu kimoja chenye kufunguliwa: nani analipa, nani anasimamia, dawa itakuwa ya nani ikishinda.

Ya tatu, matokeo yarudi kwa Kiswahili. Jaribio lilipewa jina la Kiswahili, lakini makala yake ilitoka kwa Kiingereza, ndani ya gazeti la waganga la Marekani. Watu 681 waliingia. Jamaa zao ziko Beni, Katwa, Mangina. Wana haki ya kusikia, kwa lugha walioombwa nayo ruhusa, ya kama baba yao alikufa ndani ya kundi lenye lilifundisha dunia.

Hapa njo ninatukosoa sisi pia. Sisi wenye lisansi tunajua kusoma ile makala. Wangapi tuliisoma? Mimi nilingojea miaka mine. Tulikuwa wepesi kuandika « Ebola business » na wazito kufungua ukurasa. Wiki ijayo nitaleta hapa muhtasari wa hayo majaribio mawili, la Ebola na la mpox, kwa Kiswahili cha kwetu, pamoja na hesabu zake zote. Mwenye kuwa wa medesini anisaidie kusahihisha mbele haujatoka. Mwenye kuwa na jamaa upande wa Beni autume kule.